PDMS, plastiki au karatasi? Chagua kiwanda kabla ya kuchora mfereji

Fundi aliyenifundisha somo hili hana habari na chipu za maabara. Anatengeneza kalibu za ndoo na mabeseni, Dar es Salaam, na nilimwendea kuuliza kama mchoro wangu unaweza kuwa kipande cha plastiki. Akautazama kwenye simu, akaukuza kwa vidole viwili, akainuka, akarudi na ndoo ya lita kumi.

"Kaka, hii ndoo ukuta wake uko wima?"

Haukuwa wima. Juu pana, chini nyembamba.

"Ukiwa wima inang'ang'ania kalibu, haitoki. Sasa wewe umenichorea wima kila mahali. Hicho kitu kitatokaje?"

Mchoro ulikuwa wa chipu yenye ukubwa wa kioo cha hadubini na mifereji isiyozidi unene wa unywele. Tone la sampuli linaingia upande mmoja, linakutana na kemikali, linagawanywa, linasomwa upande wa pili. Kwa miezi minane chipu ile ilifanya kazi vizuri, ila ilikuwa ya mpira, na mpira haujali ukuta wima. Unaubandua tu kama ganda la ndizi.

Anayeanza kazi hii huuliza atumie nyenzo gani, kana kwamba nyenzo ni rangi ya kupaka juu ya mchoro uliokwisha. Mimi nauliza swali jingine: chipu ya mwisho, ile atakayoishika muuguzi au mtafiti, itatoka kwenye mashine ipi? Mashine hiyo imeshaamua umbo la kuta, kona, vali na hata mahali pa kuchomeka bomba. Hapa nazilinganisha njia tatu kwa jicho hilo.

Mpira wa PDMS

Kwanza jina, maana linachanganya. Kiswahili kinaita "silikoni" vitu viwili: ile ngumu ya vipuri vya kompyuta, na ule mpira laini wa kuzibia madirisha. PDMS ni ndugu wa huo wa pili, lakini humwagwa juu ya kisahani cha ile ya kwanza. Mbinu yenyewe ilisambaa miaka ya 1990 kutoka kundi la George Whitesides, Chuo Kikuu cha Harvard.

Unatandaza utomvu uitwao SU-8 juu ya kisahani kwa kukizungusha kwa kasi, unaupiga mwanga wa urujuanimno kupitia maski yenye mchoro wako, unaosha usiogandishwa na mwanga. Vinabaki vituta vyenye umbo la mifereji yako. Kisha unachanganya PDMS, sehemu 10 za utomvu kwa 1 ya kigandishi kwa uzito, unakoroga mpaka mchanganyiko uwe mweupe kwa viputo, unauweka kwenye chombo cha ombwe. Viputo vinapanda na kupasuka kama uji unaotokota. Unamwaga, unaoka kwenye nyuzi 65 hadi 80 kwa saa chache, unakata kwa kisu cha upasuaji, unabandua, unatoboa matundu. Mpira na kioo vinapitishwa kwenye plazma ya oksijeni (gesi iliyochajiwa kwa umeme), vinagusanishwa, na hapo havibanduki tena. Maski ikishafika, ukianza Jumatatu basi Jumatano unapitisha maji.

Utamu wake ni huo, na mtego wake uko humohumo. PDMS inakupa bure vitu ambavyo hukuvichora. Tundu la bomba unalitoboa dogo kidogo kuliko bomba lenyewe, unalisukuma, mpira unalibana, maji hayavuji. Nani alichora kiungo hicho? Hakuna. Seli ulizozifungia ndani zinapumua kwa sababu oksijeni inapenya kwenye dari. Nani aliichora hewa hiyo? Hakuna. Na kwa kuwa dari ni laini, unaweza kuweka mfereji wa hewa juu ya mfereji wa maji, ukasukuma hewa, dari ikabonyea na kuziba. Vali za namna hiyo zilitangazwa mwaka 2000 na kundi la mtafiti Stephen Quake, na tangu hapo wanafunzi wamezichora kwa mamia juu ya chipu moja. Chipu ya mapafu iliyotoka Harvard mwaka 2010 nayo imeegemea sifa hii: utando wake unavutwa na kuachiwa kama kifua kinachopumua. Ukikaa kwenye PDMS, haya yote ni mtaji. Ukihama, ni madeni.

Ina kasoro zake yenyewe. Dawa nyingi zenye molekuli ndogo zisizopenda maji hunywewa na mpira, kwa hiyo dozi uliyoiweka siyo inayozifikia seli. Uso uliopitishwa kwenye plazma hupenda maji leo, lakini ukiachwa wazi hewani hurudia tabia yake ya kuyakataa baada ya muda. Chipu inayojaa yenyewe asubuhi, wiki ijayo inakataa, nawe unaanza kumshuku msaidizi wako. Mpira pia hunywea ukioka. Ukinywea asilimia 1.5, matundu mawili uliyoyaachanisha milimita 20 yamesogeleana kwa milimita 0.3, na kifuniko ulichokitoboa kwa mashine hakilingani tena. Mfereji ukiwa mpana sana kuliko kimo chake, dari inashuka na kugusa sakafu, ndiyo maana mifereji mipana ya PDMS hujaa vinguzo katikati.

Kimo ndicho kinachoniudhi zaidi, maana watu hukichukulia poa. Katika mfereji mpana wenye dari ya chini, ukinzani wa maji unafuata kinyume cha kimo kikizidishwa chenyewe mara tatu: kimo kikipungua, ukinzani unapanda. Umechora maikromita 20 (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), utomvu ukatandazika 18: ukinzani umepanda kwa asilimia 37. Hapo hujakosea kuchora, ila hukumuuliza anayezungusha kisahani anapata usahihi gani. Ukimuuliza mapema, unachora mfereji mrefu kidogo wenye kimo kikubwa zaidi, na yale maikromita 2 hayakusumbui tena.

Plastiki ya kudungwa

Kudunga ni kuyeyusha plastiki na kuisukuma kwa shinikizo ndani ya kalibu ya chuma, inapoa, inasukumwa nje, na kipande kingine kinaanza baada ya sekunde chache au makumi ya sekunde. Anayedhani mbinu hii ni ya ndoo tu aishike CD ya zamani. Vishimo vyake vina upana wa nusu maikromita hivi, na viligandishwa kwenye polikaboneti kwa njia hiyohiyo, mabilioni juu ya kila sahani. Mashine inaweza. Shida huwa ni mchoro uliozaliwa kwenye mpira.

Ukuta uliolazwa ndio wa kwanza. Mfereji wenye kina cha maikromita 100, kila ukuta ukilazwa nyuzi 3, mdomo wake unapanuka kwa takriban maikromita 10 kuliko sakafu. Kwa mfereji wa upana wa 200 ni jambo dogo. Kwa mfereji wa 30 uliokusudiwa kuchuja chembe kwa ukubwa, ule si mchujo tena.

Kona ndizo za pili, na hapa ndipo watu wengi hushangaa. Kalibu ni kinyume cha chipu, yaani mfereji wako ndani ya kalibu ni kituta. Vituta viwili vinapokutana kwa umbo la T, pembeni mwa makutano kuna pembe za ndani ambazo kisu cha kukatia chuma hakiwezi kuzifikia sawasawa. Kisu chenye kipenyo cha maikromita 200 kinaacha mviringo wa 100. Kama T hiyo ndiyo mahali matone ya mafuta na maji yanapokatwa, ulitegemea kona kali na umepata bega la mviringo. Matone yatakatika, lakini kwa ukubwa mwingine. Unaweza kukwepa kwa kutengeneza kalibu ya nikeli iliyooteshwa kwa umeme juu ya kisahani chenye vituta vya utomvu, ukoo uleule wa CD na wa mbinu ya LIGA iliyobuniwa Karlsruhe, Ujerumani. Kona zinabaki kali, bei inapanda. Uamuzi huo unahusu kona mbili tu za chipu nzima, kwa hiyo kabla ya kulipa jiulize kama kweli unahitaji matone, au ulichora T kwa mazoea.

Kufunga chipu ni stori nyingine. Mpira ulijiunga na kioo kwa plazma, plastiki haifanyi hivyo kwa urahisi. Ukiunganisha kwa joto, mifereji ya kina kidogo huweza kulainika na kujiziba. Ukiunganisha kwa mtetemo wa sauti ya juu, lazima uwe umechora kituta cha pembetatu kuzunguka kila mfereji, ndicho kitakachoyeyuka kwanza na kugeuka gundi. Ukitumia leza, kipande kimoja kipitishe mwanga na kingine kiumeze, basi nusu ya chipu inakuwa nyeusi, nawe ulitaka kuitazama kwa hadubini pande zote mbili. Mbinu ya kufunga inaamua nafasi kati ya mfereji na mfereji. Chagua mbinu kwanza, halafu panga mifereji.

Halafu vali. Plastiki ngumu ina ukakamavu unaozidi ule wa PDMS kwa takriban mara elfu moja, kwa hiyo dari haibonyei. Hapa ndipo napenda kuwaonyesha watu katriji ya GeneXpert, ile ya kupima kifua kikuu ambayo mfanyakazi yeyote wa maabara ya hospitali Afrika Mashariki ameishika. WHO iliipitisha Desemba 2010. Ndani yake hakuna dari linalobonyezwa na hewa. Kuna vali ya kuzungushwa katikati na pistoni kama ya sindano, na mashine inaizungusha vali ili ifungue chumba hiki, ifunge kile, isukume, ivute. Ukiitazama huku umezoea vali za Quake utaona ni kazi ileile ya kuzuia na kuachia maji, ila imebuniwa na mtu aliyejua tangu mwanzo kwamba kitu hiki kitadungwa kwenye kalibu. Hakuitafsiri vali ya mpira.

Kuhusu fedha: kalibu ya chuma yenye kazi ndogo kiasi hiki huanzia maelfu ya dola na huweza kufika makumi ya maelfu. Na chuma hukatwa, hakirudishwi. Kupunguza upana wa mfereji ni kukinyoa kituta, inawezekana. Kuuongeza upana ni kuongeza chuma, na hapo fundi atakutazama kwa huruma. Ukiwa na shaka juu ya kipimo, anza na mfereji unaozidi kidogo unachohitaji, kwa upana na kwa kina.

Aina ya plastiki nitaipitia haraka. Akriliki ni nafuu na angavu lakini hulainika karibu na nyuzi 105, polikaboneti huvumilia nyuzi 95 za kuzidisha DNA lakini hung'aa yenyewe chini ya mwanga wa kusomea sampuli, COC hunywa maji kidogo mno na haing'ai sana, ila bei yake iko juu.

Karatasi

Mwaka 2007 kundi lilelile la Whitesides lilionyesha kwamba karatasi ya kuchujia inaweza kugawanywa mifereji, na muda si mrefu baadaye ikawa kazi ya printa: unaprinti mistari ya nta, unaweka karatasi juu ya sahani ya moto, nta inayeyuka na kuzama mpaka upande wa pili, inakuwa ukuta. Maji yanasafiri katikati kwa kunywewa na karatasi. Hakuna pampu, hakuna umeme, chipu inachomwa baada ya matumizi.

Kwa mchoraji, jambo la kwanza kuelewa ni kwamba nta haizami wima tu, inatanuka pia kando. Mstari uliouprinti unakuwa ukuta mnene mara mbili au zaidi, na mfereji ulio kati ya mistari miwili unapungua kwa kiasi hichohicho. Mchoro wa karatasi lazima uchorwe kwa kuhesabu mtanuko, na mtanuko unategemea joto, dakika na aina ya karatasi. Ukibadilisha sahani ya moto, printi tena ukanda wa majaribio.

La pili ni mwendo. Ndani ya karatasi umbali hufuata kipeuo cha pili cha muda: kama maji yamekwenda sentimita 1 kwa sekunde 20, sentimita 2 yatazifikia kwa sekunde 80. Anayezoea pampu huongeza urefu wa mfereji bila kufikiri. Kwenye karatasi kila milimita ya ziada ni ghali kuliko iliyotangulia, na hali ya hewa kavu inakausha tone njiani.

La tatu halimo kwenye fizikia. Maabara nyingi zilijenga kazi zao juu ya printa za nta ngumu za Xerox aina ya ColorQube. Xerox iliacha kuziuza. Michoro iliyorekebishwa kwa umakini kufuata mtanuko wa nta ya printa ile ilibaki yatima, na watu wakaanza kusaka mashine kuukuu na wino uliobaki madukani. Mimi simlaumu mtu. Lakini ukichora kwa kufuata mashine moja, jua nani anaitengeneza na kwa sababu gani. Xerox ilikuwa inauza printa za ofisi.

Kando kwa kando

| | Mpira wa PDMS | Plastiki ya kudungwa | Karatasi |
|---|---|---|---|
| Mchoro mpya hadi chipu mkononi | siku chache | wiki hadi miezi | saa chache |
| Idadi inayoingia akilini | moja hadi mamia | maelfu na zaidi | chache au mamilioni |
| Anayesukuma maji | pampu | pampu au mashine | karatasi yenyewe |
| Vali | dari laini | ya kuzungusha, au utando wa kuongeza | hakuna ya kweli, ni umbali na muda |
| Mchoro huharibikia wapi | dari pana lililoshuka | ukuta wima, kona kali | mstari uliodhaniwa hautatanuka |

Basi uchague ipi?

Kama unafanya utafiti wa seli na kwa mwaka mzima utatumia chipu 30, chukua PDMS na usiombe radhi kwa mtu. Usiruhusu mhakiki wa mradi akulazimishe kuandika sura ya "uzalishaji mkubwa" ambao hautatokea. Kama jibu unalotaka ni ndiyo au hapana, katika zahanati ambayo umeme wake ni wa bahati, anza na karatasi, na usihame mpaka karatasi ikushinde kwa sababu unayoweza kuitaja. Kama kuna hatua nyingi, kupasha joto, na maelfu ya vipimo kila mwezi, ni plastiki, na uichore kama plastiki tangu siku ya kwanza, hata kama sampuli za mwanzo utazichonga.

Kuna waliokaidi wakafanikiwa. Fluidigm, kampuni aliyoianzisha Quake na mwenzake mwaka 1999, iliuza chipu za PDMS zenye vali laini kibiashara. Lakini iliuza kwa maabara za utafiti zinazolipa vizuri kwa kila chipu, na ilijenga kiwanda cha mpira badala ya kuuhamisha mpira kwenye kalibu. Haikuhama. Hiyo nayo ni njia, kama mnunuzi wako ni wa aina hiyo.

Wengi wetu tuko katikati: hatuna fedha ya kalibu leo, lakini tunajua tunakoelekea. Kwa hao ushauri wangu ni kuacha mpira mapema na kuchonga akriliki kwa mashine ya CNC, inayoongozwa na kompyuta, yenye visu vidogo. Ni polepole kuliko PDMS na uso wa mfereji hubaki na mikwaruzo ya kisu. Lakini plastiki iliyochongwa haibonyei, haipumui, haibani bomba, na inakataa kufungwa mpaka uwe umeamua utaifungaje. Inakunyima zile zawadi za bure ukiwa bado unaweza kubadilisha mchoro kwa gharama ya mchana mmoja.

Mimi nilianza upya. Vali nne za mpira zikaondoka. Mbili nilizitupa baada ya kugundua hazikuhitajika, nilikuwa nimeziweka kwa sababu kuziweka hakukuwa na gharama. Mbili nyingine zikawa kitufe kimoja cha kuzungusha. Viungo vya bomba vikawa vya Luer, kama vya sindano, vyenye mteremko wake wa asilimia 6 ambao kwa bahati njema hutoka kwenye kalibu bila ubishi. Kuta zote zikalazwa. Yule fundi hakuweza kutengeneza kalibu yenyewe, mashine zake ni za ndoo, lakini nilimrudia na mchoro mpya kabla ya kuutuma ng'ambo. Akaupitia ukuta mmoja mmoja, akaniuliza tu pini za kusukuma kipande nje zitakaa wapi. Nilikuwa sijaziwekea nafasi.

Na kama unadhani karatasi na plastiki ni lazima zichaguliwe moja, tafuta kipimo cha haraka cha malaria ambacho hakijatumika, kilichopita muda wake. Kichokoe mpaka kifunguke. Ndani kuna ukanda wa nitroselulosi wenye upana wa milimita chache, umekatwa kutoka kwenye rola ndefu. Ganda linaloushika ni plastiki iliyodungwa. Upande wa ndani wa ganda utaona vijino na vituta vidogo vinavyobana pale pedi moja inapolalia nyingine. Vikibana kidogo, damu haivuki pedi hadi ukanda. Vikibana sana, inapita pembeni. Urefu wa vijino vile, sehemu ndogo ya milimita, umo kwenye mchoro wa kalibu na umo pia kwenye hesabu ya unene wa pedi, na anayebadilisha mmoja bila kumwambia mwenzake atalijua kosa lake dakika 15 baadaye, mstari wa kidhibiti utakapokataa kutokea.